Mtego Hauna Macho

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha juma. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wasomaji walioyakosa.)

Wazee wetu walisema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Tumezoea kuitumia methali hii katika mambo ya mitaani. Wakamataji wakipita kuwasomba wahuni, anasombwa pia kijana aliyetumwa dukani kununua mkate. Leo nataka tuirudishe methali hii nyumbani kwake, kwenye mtego wenyewe wa chuma, wenye taya na springi.

Sababu ni barua niliyoipokea. Imetoka kwa dada mmoja anayeishi nje kidogo ya mji wa Des Moines, katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Msishangae kuwa huko nako Kiswahili kinasemwa. Familia nyingi zenye asili ya Burundi na Kongo, nyingine zikiwa zimekaa miaka mingi katika kambi za Kigoma, zimehamia huko na kuanza maisha upya. Dada huyu anafuga kuku, kama alivyofuga Kigoma. Asubuhi moja alifungua banda akakuta kuku tisa wamekufa, kadhaa hawana vichwa. Usiku huwasikia koyoti wakilia mashambani, naye ameamua kuwa hao ndio wezi wake. Mumewe ameshaulizia bei ya mitego sita ya chuma. Anachoniuliza ni kimoja tu: mtu anaanzaje kutega?

Amenipata mahali ninapopajua kidogo. Nilikaa Iowa kipindi kimoja cha baridi, nyumbani kwa mzee mkulima ambaye alianza kutega akiwa mtoto wa shule. Alinifundisha mengi, na kosa moja nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe lilinifundisha zaidi. Nawe msikilizaji wa Buguruni au Mbagala usiseme kwamba haya hayakuhusu. Mwishoni tutafika hadi kwako.

Tuanze na watuhumiwa wawili. Koyoti ni ndugu wa karibu wa bweha wetu. Ukimwona jioni akikatiza shamba utamdhania mbwa mwembamba wa kijivu, mwenye masikio marefu na mkia mnene anaouinamisha akikimbia. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 9 hadi 20. Jina lake limetokana na Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico. Hapo zamani makao yake yalikuwa nyanda na majangwa ya magharibi. Wazungu walipokuja wakawamaliza mbwa mwitu wakubwa wa huko, waliokuwa wakimtisha, na wakafyeka misitu kwa ajili ya mashamba. Koyoti akapata nafasi. Leo yumo katika kila jimbo la Marekani isipokuwa visiwa vya Hawaii, na kwa upande wa kusini ameshafika Panama. Mjini Chicago watafiti wamekuwa wakimfuatilia tangu mwaka 2000, na wamemkuta akiishi katikati ya reli, barabara na maghorofa, tena amejifunza kusubiri magari yapite ndipo avuke.

Rakuni ni mnyama mwingine kabisa. Ni mnene kama paka aliyeshiba, kilo 4 hadi 10 hivi, mkia wake una mistari ya mviringo, na machoni amepakwa weusi kama mwizi aliyejifunga kitambaa. Jina lake limetoka kwa wenyeji wa asili wa Virginia, nalo lahusu kukwaruza kwa mikono. Naam, mikono ndiyo sifa yake. Ana vidole vitano vyepesi, na kwa kupapasa tu gizani hutambua kilicho chakula na kisichokuwa chakula. Hufungua makopo, huinua vifuniko vya mapipa ya taka, na komeo la kawaida la banda la kuku kwake ni mchezo. Hutembea usiku, hupenda kando ya mito na mifereji, na hula kila kitu: samaki, kamba wa mtoni, mahindi, mayai, matunda na kuku wako.

Mzee mwenyeji wangu alikuwa na ghala lililojaa mitego imetundikwa kwenye misumari. Nilipofika nilidhani kesho yake tungeibeba twende kazini. Haikuwa hivyo. Wiki nzima hatukugusa mtego. Kila alfajiri tulitembea shambani, mahindi yameshavunwa na ardhi imebaki vishina vitupu, naye akinionyesha nyayo. Nilichoka, lakini baadaye nilielewa. Mtu anayetega kabla ya kujua anayemtega anacheza bahati nasibu, na anayeumia katika bahati nasibu hiyo ni mnyama ambaye hakuwa na kosa.

Kwa hiyo, dada yangu, somo la kwanza ni kusoma alama. Unyayo wa rakuni ni kama kiganja cha mtoto mchanga kilichobonyezwa kwenye matope, vidole vitano vimetengana. Unyayo wa koyoti unafanana na wa mbwa, ila ni mrefu kuliko upana wake, na kucha za mbele zimekaribiana. Tena tazama mwendo. Mbwa wa nyumbani hupinda huku na huku kwa sababu chakula kinamngoja nyumbani. Koyoti hutembea kwa mstari mnyoofu, hatua baada ya hatua, kwa kuwa nguvu zake ni za kubania. Kama ardhi ni ngumu na haionyeshi kitu, nyunyiza mchanga laini au unga mbele ya mlango wa banda jioni, kisha usome asubuhi.

Halafu wasome waliokufa. Koyoti akimpata kuku humbeba mzima mzima akaenda kumlia mbali, ukabaki na manyoya machache njiani. Rakuni akiingia bandani huweza kuua kadhaa usiku mmoja, akala kichwa, kifua na gole, akawaacha wengine palepale. Wakati mwingine haingii hata kidogo. Hupenyeza mkono kwenye wavu, akamvuta kuku aliyelala karibu, kikatoka kichwa peke yake. Lakini usiharakishe hukumu, kwani bundi wakubwa wa huko nao hung'oa vichwa. Ndiyo maana nasema alama za miguuni ndizo shahidi wa kwanza.

Sasa turudi kwenye barua. Kuku tisa, wamo ndani ya banda, wengine hawana vichwa. Kwa maelezo hayo tu, nyayo zikikubali, mwizi ni rakuni. Koyoti anayelia mashambani ameshtakiwa kwa sababu ya sauti yake. Ile mitego sita mikubwa ambayo shemeji yangu anaulizia bei ni ya koyoti. Ingekula fedha, ingeua asiyehusika, na rakuni angeendelea kuja kila usiku.

Somo la pili litamkatisha tamaa mwenye hamu ya kutega, nalo ni mlango. Wavu mwepesi wa kuku humzuia kuku kutoka, haumzuii rakuni kuingia. Anauchana. Weka wavu wa chuma mzito wenye matundu madogo, ya sentimita moja na kidogo, ambayo mkono wake haupenyi. Uteremshe chini ya ardhi sentimita 30 hivi, au uutandaze nje kwa chini, ili mchimbaji akwame. Komeo liwe la hatua mbili, la kuinua kisha kuvuta, au lenye kufuli. Chakula cha kuku kiwekwe usiku kwenye pipa lenye kifuniko cha kufunga, kwa maana mara nyingi harufu ya nafaka ndiyo inayomwita mgeni. Mzee alikuwa akisema kwamba anayeacha mlango wazi kisha akategesha mitego nje, huyo anafuga rakuni kwa kuku wake. Na kweli, ukimwondoa mmoja ukaacha karamu mezani, mwingine atakuja.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze mitego, na hapo tunaanza na sheria. Marekani haina sheria moja ya kutega. Kila jimbo lina yake, na huweza kubadilishwa mwaka hadi mwaka. Iowa hutaka mtegaji awe na leseni, na kila mtego uwe na kibati cha chuma chenye jina na anwani ya mwenyewe. Hutaka pia mtego wa nchi kavu ukaguliwe angalau mara moja kila saa 24. Kuna misimu ya kutega, kuna kanuni za umbali kutoka barabara na nyumba za watu, na huwezi kutega katika ardhi ya mtu bila ruhusa yake. Majimbo mengine yamekwenda mbali zaidi. Colorado na Massachusetts zilipiga kura mwaka 1996 kuzuia aina nyingi za mitego. California ilipiga marufuku kutega kwa ajili ya biashara ya manyoya mwaka 2019. New Mexico ilipitisha sheria mwaka 2021 kuzuia mitego mingi katika ardhi ya umma, nayo watu huiita kwa jina la mbwa, Roxy, aliyekufa mwaka 2018 ndani ya tanzi lililotegwa isivyo halali huku mwenyewe akihangaika kumnasua. Mtego wa panya huo, jamani. Tanzi halikuuliza mbwa wa nani.

Kwa hiyo, dada, kabla ya kwenda dukani mpigie simu afisa wa wanyamapori wa wilaya yako. Mweleze kilichotokea, muulize leseni unayohitaji na mitego inayoruhusiwa. Simu hiyo ni ya bure, na faini si ya bure.

Mitego yenyewe ikoje? Mtego wa taya wa kiwandani ulienea Marekani baada ya fundi aitwaye Sewell Newhouse kuanza kuitengeneza huko New York katika miaka ya 1820. Mitego ya zamani ilikuwa na nguvu za kikatili, mingine ikiwa na meno, na sifa mbaya ya kazi hii inatokana na hayo. Mwaka 1991 nchi za Ulaya ziliamua kuipiga marufuku mitego ya taya kwao, na kutishia kukataa manyoya ya nchi zinazoitumia bila viwango. Marekani, Kanada na Urusi zikalazimika kukaa mezani, na katika miaka ya 1997 na 1998 yakapatikana makubaliano juu ya viwango vya kupunguza mateso. Tangu hapo mitego imepimwa upya aina kwa aina. Wa kisasa wa koyoti una taya nene zisizo na meno, zikifunga huacha nafasi ndogo katikati zisivunje mfupa. Mnyororo wake ni mfupi, umefungwa katikati ya mtego, una vifundo vinavyozunguka na springi ya kupunguza mshtuko. Kazi yake ni kushika mguu hadi mtegaji afike.

Kwa rakuni kuna mitego miwili inayomfaa anayeanza. Wa kwanza ni kizimba cha waya chenye mlango unaoanguka, urefu wa sentimita 80 hivi. Kifunge barabara kwenye mti au ukizike kidogo kisitikisike, ufunike pande zake kwa mbao au gunia ili asipenyeze mkono kwa nje akaiba chambo, na chambo ukiweke mwisho kabisa, nyuma ya sahani ya kufyatulia. Wa pili ni bomba fupi la chuma lenye mdomo wa sentimita tatu au nne, limesimamishwa ardhini kwa kigingi. Chambo kiko chini, na kifyatulio kiko ndani. Rakuni huingiza mkono, hupapasa na kuvuta, mtego ukamshika. Mbwa hawezi kuingiza mguu wake humo wala hana vidole vya kuvuta, na ndiyo maana mtego huu umependwa sana karibu na nyumba za watu.

Chambo nacho kina siri yake. Mgeni wa kazi hukimbilia nyama au samaki, akaamka kukuta paka wa jirani. Mzee alitumia zile peremende laini nyeupe wanazozichoma watoto wa Kimarekani motoni. Weupe wake huonekana gizani, utamu wake humvuta rakuni, na paka hana habari na sukari. Weka mtego pale anapopita mwenyewe: chini ya daraja dogo, kando ya mfereji, kwenye njia aliyoizoea kutoka mtoni hadi bandani. Anza na mtego mmoja, au miwili. Anayeanza na kumi hataweza kuikagua.

Koyoti ni mtihani wa juu, na sikushauri uanzie hapo. Mwenyeji wangu alikuwa akiichemsha mitego kwa rangi ya magome na kuipaka nta, ikatoka haina kutu wala harufu ya duka. Alivaa glavu safi, na alipiga goti juu ya kipande cha turubai. Alichimba kitanda cha mtego kwa kipimo cha mtego wenyewe, akaushindilia udongo pembeni mpaka chuma hakichezi hata kidogo. Koyoti akikanyaga kitu kinachotikisika hukifukua, na hatarudi. Juu yake alichekecha udongo mkavu aliouhifadhi ghalani tangu kiangazi, kwa sababu udongo wenye maji huganda usiku na mtego haufyatuki. Mbele ya mtego, sentimita 20 hivi, alitoboa shimo la kulala upande, lenye kina cha sentimita 20, kama lile la mnyama aliyezika akiba yake. Humo alitia kipande cha nyama na harufu maalumu. Koyoti akija huinamia kunusa, na mguu wa mbele hutua pale ulipotegwa.

Jambo kubwa zaidi ni upepo. Mtego huwekwa upande unakotokea upepo, ili harufu ivuke njia ya mnyama. Ukikosea hapo, hata ukiwa fundi wa udongo, koyoti atapita mita tano tu kutoka kwako asijue kuna kitu. Na sahani ya mtego hukazwa ili isifyatuke mpaka ikandamizwe kwa uzito wa kilo moja na nusu au mbili, sungura na kindi wapite salama.

Hapa ndipo linapoingia kosa langu. Wiki ya tatu nilimwomba mzee aniache nitege mmoja peke yangu. Alinipa mtego, na akaniambia nichague mahali. Baridi ilikuwa kali, nikachoka kutembea, nikachagua kando ya njia ya trekta, karibu na ua wa jirani. Nyayo nilizozikuta zilikuwa za mviringo na zimepinda huku na huku. Nilijiambia ni za koyoti kwa sababu nilitaka ziwe za koyoti. Nikaweka nyama nyingi, nyingine nikaiacha juu ionekane.

Kulipopambazuka tulimkuta mbwa wa jirani, mbwa wa kuchunga ng'ombe, amelala kimya na mguu umeshikwa. Hakubweka. Alinitazama tu. Mzee alivua koti lake, akamfunika kichwa asiume kwa hofu, akakanyaga springi mbili kwa viatu, taya zikafunguka. Mguu ulikuwa umevimba kidogo, mfupa ukiwa mzima, kwa sababu mtego ulikuwa wa aina ile niliyoieleza, na kwa sababu tulifika mapema. Mbwa alichechemea akaenda zake. Mzee alikunja mnyororo akaniambia kwamba mtego umefanya kazi yake, ila mimi ndiye sikufanya yangu. Kisha akanionyesha nyumba ya jirani kwa kidole. Nilikwenda peke yangu kubisha hodi na kueleza. Sijawahi kuiona njia ndefu kama ile.

Tangu siku ile nilielewa kwa nini alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri hata kukiwa na theluji. Mtego hufanya kazi wakati mwenyewe amelala. Hauna macho wala huruma, na haujui mpaka wa shamba. Macho yote lazima yawe ya mtegaji, kabla ya kutega na baada ya kutega. Kama unajua kesho una safari, au mtoto anaumwa, ufyatue mtego jioni uuweke ndani. Anayeutelekeza kwa siku mbili mnyama akiwa ndani si mtegaji, ni mtesaji.

Basi, mnyama ameshikwa. Ufanyeje? Kwanza usimkaribie kwa mikono mitupu. Rakuni huweza kuwa na kichaa cha mbwa, na kinyesi chake huweza kubeba minyoo ambayo mayai yake yakimezwa na binadamu hudhuru hata ubongo na macho. Watoto wasicheze anapojisaidia. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi na uende hospitali siku ileile, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakina tiba.

Pili, usifanye huruma ya kumpakia kwenye gari ukamwachie msitu wa mbali. Majimbo mengi yamekataza, na sababu ipo. Katika miaka ya 1970 rakuni walichukuliwa kutoka majimbo ya kusini-mashariki wakapelekwa mpakani mwa Virginia na West Virginia ili wawindaji wapate wa kuwinda. Kichaa kilisafiri nao, na katika miaka iliyofuata kikaenea karibu pwani yote ya mashariki. Serikali imekuwa ikitumia fedha nyingi kudondosha chambo chenye chanjo, kingine kwa ndege, ili kuuzuia ugonjwa usisonge magharibi. Safari moja ya gari ilianzisha hayo yote. Kwa hiyo mnyama aliyekamatwa ama huachiwa palepale, ama huuawa haraka, kwa risasi moja, na mtu anayeruhusiwa na anayejua. Kama wewe na shemeji hamuwezi hilo, msitege. Muiteni mtegaji mwenye leseni.

Wengine hufikiri kuna utajiri wa manyoya. Ulikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ngozi ya rakuni ilikuwa na bei ya kumnunulia mtoto viatu vizuri. Soko lilianguka mwishoni mwa miaka ya 1980. Liliinuka tena hapa na pale, lakini siku zile hazijarudi.

Wala usidhani utawamaliza. Serikali ya Marekani imewaua koyoti kwa bunduki, mitego na sumu kwa zaidi ya miaka mia. Sumu iliua pia tai na wanyama wengine wengi, hadi Rais Nixon akaizuia katika ardhi za serikali kuu mwaka 1972. Baada ya yote hayo koyoti ameongezeka eneo. Akiondolewa mmoja, kijana anayetafuta makao huchukua nafasi yake. Ndiyo maana mtegaji mwenye akili humtafuta yule aliyekula kuku, na kabila zima huliacha lilivyo.

Sasa nije kwako wa Buguruni na Mbagala. Wewe huna rakuni, lakini una nguchiro, kicheche na paka shume, na vifaranga vyako vinapungua. Wengi wetu tukiona hivyo hukimbilia waya uliokunjwa tanzi, au kipande cha nyama chenye sumu. Sumu haichagui. Atakufa mbwa wa jirani, watakufa kunguru, na mtoto anayetambaa ana mikono myepesi kama ya rakuni. Tanzi nalo, sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 imeliweka miongoni mwa njia za kuwinda zilizokatazwa. Tangu mwaka 2017 vikosi vimekuwa vikipita Serengeti kung'oa matanzi ya waya, maelfu kwa maelfu. Aliyeyatega alitaka nyumbu. Yamekamata simba, fisi na tembo, na mengi yake mwenyewe hakurudi hata kuyatazama.

Tofauti kati ya mzee wangu wa Iowa na mtega waya huyo si chuma. Ni jina lililoandikwa kwenye kibati, na miguu inayoamka alfajiri kwenda kuangalia.

Kwa hiyo, dada yangu wa Des Moines, jibu langu ni hili. Rekebisha mlango leo. Nyunyiza unga usiku huu usome kesho. Mpigie simu afisa. Rakuni akiendelea kuja, nunua mtego mmoja, ule wa bomba au kizimba, uandike jina lako juu yake. Na kabla ya kulala weka saa ya kukuamsha. Salamu kwa shemeji, mwambie ile mitego sita aiache dukani.